Tundu Mlangoni, Mtaa Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Nimegundua sinema! Ya bure. Haina tiketi, haina matangazo, haina jirani wa kutafuna karanga sikioni.

Iko hivi. Mlango wa karakana yangu, ule wa bati unaotazama mtaani, una tundu la msumari. Msumari ulishikilia kalenda, wiki iliyopita ukang'oka na kalenda yake. Leo asubuhi umeme ukakatika. Nikafunga mlango vumbi lisiingie kwenye lenzi, giza totoro – na ukutani, juu ya mashine ya kusagia, nikaona mtaa. Mtaa mzima! Watu kichwa chini miguu juu. Baiskeli zinaning'inia kama popo. Mti wa mbele ya duka la rangi umeota kutoka darini. Hata rangi zipo.

Mtu mwingine angetoka mbio akitaja majini. Mimi nilivuta stuli, nikakunja nne. Mwanafizikia haikimbii nuru. Mwaka mmoja na nusu wa chuo kikuu si mchezo. Wenzangu walikaa mpaka mwisho na hawajui tundu dogo linaweza nini. (Mimi niliondoka kwa sababu zangu. Hesabu zilikuwa sababu mojawapo.)

Kanuni yenyewe: nuru huenda moja kwa moja, haikati kona. Inayotoka kichwani mwa mtu hupita tunduni ikishuka, hutua chini. Ya miguuni hupanda, hutua juu. Na pembeni vivyo hivyo – anayeelekea kwenye sinki ukutani, mtaani anaelekea upande wa rafu. Upande wa rafu kuna mlango wa duka letu la miwani. Upande wa sinki kuna stendi ya mabasi.

Basi nikamwona mtu anakwenda kwa mwendo wa mwenye shida ya macho. Nikapaza sauti: "Bosi, mteja anakuja!" Bosi, mama mwenye duka, akavuta kola, akaweka tabasamu la kazini. Hakuingia mtu. Baadaye akachungulia kwa mlango wa ndani: "Profesa, huyo mteja wako kapanda basi kaenda zake."

Nilichanganya rafu na sinki. Hutokea hata kwa wakubwa.

Kitu cha kwanza nilichowaza ni kumwonyesha Sindano. Niligeuka kabisa, mdomo wazi, kumwita. Sindano ni mke wangu. Jina nilimpa mimi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Yuko mji mwingine, basi linakwenda kutwa nzima, anashona mashuka ya mahoteli. Huu mwaka wa pili. Nikafunga mdomo. Mtaa ukaendelea kupita kichwa chini, bila shahidi.

Jumatano, 5 Machi

Mawingu. Sinema imefungwa – bila jua tundu halina la kusema.

Nimerudia tena nusu ya riwaya. Mimi na Sindano tuna utaratibu wetu. Tunanunua riwaya moja ya upelelezi, ya bei ya chai, na kwa kuwa hakuna kati yetu anayejua kungoja, tunaipasua mgongoni kwa wembe. Mmoja anaanza na nusu ya kwanza, mwingine na ya pili, kisha tunabadilishana. Ndoa nyingine zinagombania rimoti. Sisi tunagombania nani aanze na maiti na nani aanze na pingu.

Siku anaondoka tulipasua *Maiti wa Lifti Mbovu*. Inspekta ana jicho moja la kioo, na mwandishi anasema jicho hilo "liliona kivuli"! Jicho la kioo! Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Sindano akasema niache fizikia, mtu kafa. Akachukua nusu ya pili, akaitia kwenye begi lake la njano, akapanda basi. Kwa hiyo yeye anamjua muuaji ila hajui nani aliuawa. Mimi marehemu namfahamu vizuri sana, tumekuwa kama ndugu. Kurasa zangu zinaishia hapa: "Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka taratibu, na aliyesimama kizingitini alikuwa" – basi. Wembe.

Leo muuza vitabu vya mitumba wa pale kona amenitolea nakala nzima. Eti, Profesa, chukua umjue muuaji upumzike. Nikaipokea. Nikaipima mkononi, nzito mara mbili. Nikamrudishia.

– Nangoja nusu yangu.

– Iko wapi?

– Safarini.

Akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua, na jua lenyewe leo halikutoka.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja. Mdogo wake Sindano, anauza vocha na chaja za simu mtaa wa pili. Huyu habishi hodi. Huzungusha kitasa cha mlango wa mtaani akajikuta ndani, sinema yangu inakufa papo hapo. Nuru ikiingia kwa wingi, picha huwezi kuiona tena. Nimemwambia mara ngapi!

– Shem, unakaa gizani kama mwizi. Dada katuma vipimo vya macho. Miwani yake imechakaa, uzi hauoni. Anataka umtengenezee.

– Huko hakuna mafundi?

– Wapo tele. Kasema wewe.

Nikajifanya natafuta kitambaa. Nikaangusha lenzi, ikaviringika mpaka chini ya sinki. Kasema wewe! Kwa kweli hana jinsi. Mji huu hauna msaga lenzi wa kunifikia. Nimesema mji? Bara zima. Na nimetembea mimi, nimelala hoteli za nchi nne, mbili kati ya hizo nililipa.

Kisha Shemeji, akiwa tayari mguu nje, kanidondoshea na nyingine. Mkataba wa Sindano unaisha mwezi huu. Kiwanda kinafungua tawi mbali zaidi, wanamtaka huko miaka mitatu. Atakubali? "Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Muulize mwenyewe, mumewe nani?"

Miaka mitatu.

Sijamuuliza. Nimemtumia kichekesho cha kondoo na saluni. Kajibu kwa kikatuni kinachocheka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeokoa macho ya mke wangu!

Nimekaa na vile vipimo. Vinasema jicho la kulia ndilo dhaifu zaidi, la kushoto lina nafuu. Upuuzi mtupu. Miaka yote ya ndoa, la kushoto ndilo baya. Akitunga uzi analifumba la kushoto, anauma ulimi, anatumbua la kulia. Naijua sura hiyo kuliko yangu. Daktari kachanganya pande. Kosa la kawaida: anakaa uso kwa uso na mgonjwa, kulia kwake ni kushoto kwa mwenzake, kichwa kinamzunguka. Ndiyo maana watu husema kioo kinageuza kulia na kushoto, wakati kioo hakigeuzi kitu pembeni, kinageuza mbele na nyuma tu. Ningekuwa na darasa ningelifundisha hilo.

Nikazirudisha namba pande zake. Ya kulia kushoto, ya kushoto kulia.

Bosi akachungulia, akasoma karatasi, akasoma lenzi. "Si upige simu uulize?"

– Nimuulize nani, Bosi? Nimuulize mtu baki habari za macho ya mke wangu?

– Mwenyewe basi.

– Bosi, nimelala ubavuni mwa macho hayo.

– Haya, akasema, na akaondoka na "haya" yake.

Nimesaga kutwa. Maji, unga wa kusagia, povu. Katika povu zikatokea zile rangi – zambarau, kijani, ya dhahabu – rangi ambazo sabuni haina, zinatokana na wembamba wa ngozi ya kipovu tu. Ikinenepa, zinatoweka. Sindano akiosha vyombo huniitia hizo: njoo uone, zimetoka! Nakwenda, nafafanua, na kabla sijamaliza kufafanua kipovu kimepasuka, yeye anacheka.

Miwani imetoka safi, haina hata mkwaruzo. Nikataka kutia kikaratasi. Nikaandika *nimekukumbuka*. Ikaonekana kama ya mtu mwingine, ya mtoto wa shule. Nikaichana. Nikaandika: *Usiikalie.* Ile ya kwanza aliikalia siku ya harusi ya rafiki yake.

Jumanne, 11 Machi

Miwani imeondoka na basi la asubuhi. Kondakta kaapa ataishika kama yai. Nikamweleza habari za fokasi, mahali nuru inapokutana, akafunga mlango.

Alhamisi, 13 Machi

Tumeongea kwa video, dakika chache, kabla hajaingia zamu. Mtandao unamkatakata vipande. Kanywea mashavu. Miwani? Haijafika. Habari za tawi jipya? Sikuuliza. Nilimweleza habari za tundu, akasema, "Wewe na matundu yako," lakini alisogea karibu na simu aliposema hivyo. Paji la uso likajaa kioo chote.

Nimewaza tangu hapo. Kuna taswira za aina mbili. Taswira halisi hutua mahali – unaweka karatasi, unaipokea, iko pale. Taswira dhahania haitui popote. Unaiona ndani ya kioo, ukinyoosha mkono unakuta kioo. Yule wa kwenye simu ni ya pili. Nilinyoosha. Nikaacha alama ya kidole.

Nyumbani cherehani yake nimeifunika kitambaa. Kinafanya umbo la mtu aliyeinama.

Jumapili, 16 Machi

Sindano kaleta ujumbe wa sauti. Nauandika wote, kisha naufuta simuni. Hapana, sitaufuta.

"Bwana Mikogo, umenitengenezea macho ya nani? Nikivaa, sakafu inanijia. Kichwa kinapasuka siku ya tatu leo. Nimeshona pindo kama njia ya nyoka, wamenirudishia mashuka mbele ya watu. Nimekwenda kwa daktari, kaipima, kacheka – kulia kaweka kushoto! Eti aliyeitengeneza alikuwa amelewa? Nikasema hapana, ni mume wangu, hanywi, anajua." Hapo zinasikika cherehani nyingi zinanguruma nyuma yake. Kisha: "Macho yamebadilika, mwenzangu. La kulia limechoka, taa ya huku iko upande huo. Ungeuliza tu. Mbona huniulizi kitu siku hizi?"

Nilipandwa na hasira kwanza. Daktari gani huyo wa kucheka kazi ya watu! Nikapanga jibu refu, lina kioo na mbele na nyuma. Nikausikiliza tena. Nikausikiliza nikiwa jikoni, nikausikiliza nimesimama mbele ya cherehani yake.

Nimesaga lenzi za mtu aliyepanda basi mwaka juzi. Safi kabisa. Zingemfaa sana. Ila hayuko tena.

Jibu refu sijalituma. Nimetuma: *Nisamehe. Natengeneza nyingine.*

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia Bosi. Nilijiandaa kwa kicheko, nikaandaa na changu cha kuchanganyia. Hakucheka! Hilo ndilo lililonichoma. Kafungua kabati, kanipa lenzi mpya mbili, zile nzuri za wateja wanaokuja na gari. "Hizi. Na simu iko mezani."

Nikapiga.

– Unatunga uzi hivi sasa? nikamuuliza.

– Natunga. Kwa nini?

– Umefumba jicho gani?

Akajisikiliza uso wake mwenyewe kwanza. "La kulia," akasema. "Ee! Sikuwa najua." Nikamuuliza taa iko juu kiasi gani. Nikamuuliza kitambaa anakishika karibu au mbali. Nikamuuliza nani anakaa jirani yake (bibi mmoja mkorofi, anamwita Mkasi). Nikamuuliza anakula saa ngapi. Kacheka: hayo nayo ni vipimo vya macho? Nikasema ndiyo, sayansi imeendelea.

La tawi jipya tu sikumuuliza. Lilifika mpaka hapa kwenye meno.

Nimesaga kwa namba zake kama zilivyo. Mkono wenyewe ulikuwa unabisha, unataka kurudi kule ulikozoea, nikaukemea. Zilipokamilika nikaivaa miwani kidogo, nione. Macho yangu ni mazima, kwa hiyo lenzi hizi kwangu zinafanya kinyume: karakana ikawa ndogo, imesogea mbali, sinki kama la mwanasesere. Bosi akapita mlangoni, mdogo, yuko mbali. Nikakaa hivyo muda. Hivi ndivyo ninavyomwona Sindano siku hizi, hata bila miwani.

Jumatano, 19 Machi

Nilitaka kuituma na kondakta wa yai. Shemeji kasema ngoja.

– Hataki itumwe. Jumamosi anapita mwenyewe.

Nikakaa.

– Shem, usikae bado, sikiliza. Wanawapeleka kuliona tawi jipya. Basi lao litasimama hapa stendi mchana, wabadilishe lingine. Atakayekubali kazi anatia saini huko huko. Asiyekubali asipande la pili.

– Kwa hiyo anakuja kuchukua miwani au anakuja kabisa?

– Kasema akipata nafasi atafika dukani. Mengine hakusema. Nenda stendi ukampokee, mwanamume wewe!

Nimezunguka nalo kutwa. Siendi. Najijua. Nikifika stendi nitaongea. Nitaongea mpaka madereva wakusanyike, nitatoa kichekesho cha kondoo, nitabeba begi bila kuulizwa, na yeye atanifuata kwa aibu ya kuangaliwa na watu. Maneno yangu yana mikono, yanasukuma. Safari hii miguu yake ichague yenyewe.

Lakini nimemuuliza. Kwa maandishi, usiku huu huu kabla sijapata kisingizio: *Nataka urudi. Wewe unataka nini?* Tiki mbili. Kasoma. Hajajibu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimenyoa. Nimefua koti la kazi, jeupe sasa, kabla lilikuwa na maoni yake. Nimepiga cherehani mafuta, nimeondoa kile kitambaa. Nimenunua mayai, mkate, sabuni yenye povu jingi.

Bosi kaleta simenti ya bati azibe tundu, mvua zinakaribia. Nikasimama mbele ya mlango mikono nimetanua. "Jumatatu, Bosi. Ziba Jumatatu." Akanitazama, akatazama tundu, akaipeleka simenti yake kabatini. Mama yule angesoma, angekuwa waziri.

Sindano bado hajajibu.

Jumamosi, 22 Machi

Jua kali! Sinema imefunguliwa mapema. Nimefunga milango yote miwili, nimekaa ubavuni mwa ukuta, miwani iko mezani kwenye kitambaa chake, nusu ya kwanza ya riwaya iko pembeni yake, imefunguliwa pale kitasa kinapozunguka. Naandika kwa mwanga wa mtaa wenyewe. Mistari itapinda, shauri yake.

Mabasi mawili yameshaingia. Sijui lake ni lipi.

Wanapita watu. Mama na ndoo. Wawili wanagombana, wamening'inia darini, mikono inapigapiga hewa. Muuza vitabu kahamisha meza kivulini.

Njano.

Kuna njano ukutani. Juu, karibu na miguu – yaani begi, begi la njano, na mtu amelishika. Tundu la msumari si lenzi, halina ukali, uso ni doa tu. Mwanamke. Amesimama upande wa pili wa barabara. Anaweza kuwa yeyote. Mabegi ya njano yako mengi duniani, nimeyaona bandarini mimi, marundo.

Kasimama vile vile. Anatazama huku? Doa halina macho.

Nimesogeza daftari ukutani. Ametua kwenye ukurasa! Kichwa chini, hapa, juu ya neno *marundo*. Halisi. Nimempokea kwenye karatasi. Nikageuza daftari ili asimame wima – mwanafizikia mzima! – yeye hakugeuka, yamepinduka maandishi yangu tu. Basi namwacha alivyo. Naandika kumzunguka, kalamu isimkanyage.

Kaweka begi chini, yaani juu. Kavua kitu usoni. Anafuta kwa upindo wa blauzi. Anavaa tena.

Sindano hufuta kwa upindo wa blauzi. Nimemkataza miaka yote, unakwaruza lenzi.

Honi ya basi, kubwa, ya kuita abiria. Kageuka. Ameinua begi.

Nikifungua mlango nitajua mara moja, na picha itakufa. Nikipiga kelele nitakuwa nimesukuma. Nakaa. Wee, kaa!

Anatembea. Ametoka kwenye ukurasa, amepanda ukutani, anakwenda upande wa sinki. Sinki! Sinki ukutani ni rafu mtaani, rafu ni duka, anakuja – au ndivyo nilivyosema siku ile ya yule mteja? Siku ile alielekea wapi ukutani? Rafu. Nilisema anakuja, akapanda basi. Kwa hiyo sinki ni… Kinyume cha rafu. Ngoja. Ngoja kwanza, nuru huenda moja kwa moja –

Ametoka ukutani kabisa. Limebaki basi tu, magurudumu juu, linaanza kusogea.

Kule dukani Bosi hajamkaribisha mtu. Bosi, akiingia mwambie akae, usiseme chochote – hapana, Bosi hawezi kunisikia.

Hatua. Za nje, karibu na bati. Huenda ni Shemeji, anakuja kuniambia dada yake kaondoka. Shemeji habishi hodi.

Ukuta umefifia. Mtu amesimama mbele ya tundu.

Kitasa kinazunguka. Mikono yangu yote miwili iko kwenye daftari.